Sikio Likizidi Kichwa

Barabara ya Masasi kwenda Songea siku hizi ni lami, na vijana wanaimaliza wakiwa usingizini. Wazee wanaikumbuka vingine: tope la masika, malori yaliyozama hadi ekseli, abiria wakipika ugali kando ya njia huku wakisubiri kuvutwa. Basi letu lilipita Mangaka, pale njia inapochepuka kwenda Mtambaswala na Daraja la Umoja, likaingia Tunduru na kutupa nafasi ya kununua korosho dirishani. Baada ya hapo mikorosho ikaanza kuadimika. Miombo ikatanda pande zote, na tulipokaribia Namtumbo yakaonekana mabani ya kukaushia tumbaku. Nikafunga dirisha, maana upepo wa Songea si wa Masasi.

Chini ya kiti nilikuwa na kiroba nilichokizungushia khanga. Kondakta alikisukuma kwa mguu, kikagoma.

"Dada, humu kuna cha kuvunjika?"

"Kuna masikio," nikamwambia.

Aliniangalia, akamwangalia jirani yangu, akaenda zake kudai nauli kwingine.

Nilikuwa nimesema kweli. Ndani ya kiroba palikuwa na kinyago cha sungura kilichochongwa na mjomba wangu, chenye masikio marefu kuliko uso wenyewe. Kazi yangu ni kushona na kutengeneza maleba ya michezo ya jukwaani. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Songea, alikuwa amenipigia simu kunieleza shida yake. Darasa lake lilitaka kuigiza hadithi ya Sungura na Fisi mbele ya wazazi. Nyuso walikuwa wameshazitengeneza kwa maboksi. "Dada, nyuso tunaziweza," alisema, "ila masikio yanatuumbua. Fisi wangu wote wanafanana na paka."

Kwetu kusini, kinyago ni jambo zito. Lipiko la Wamakonde, lile la kuvikwa kichwa kizima, huchongwa kwa mti mwepesi wa jamii ya msufi ili mchezaji aweze kurukaruka nalo. Mpingo ni mzito mno kwa kazi hiyo. Mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, na mwili wake hufunikwa nguo hadi vidoleni ili asijulikane. Mapiko yalichezwa vijana walipotoka jando, na siri yake ilikuwa ya wanaume: wanawake na watoto waliambiwa kuwa kile ni kiumbe, hakina mtu ndani. Kwa desturi hiyo mimi mwanamke nisingekisogelea kinyago, sembuse kukibeba kwenye basi. Mjomba alinipa hiki bila wasiwasi kwa sababu alikichonga kwa ajili ya soko na hakijawahi kuchezewa ngoma. Alinipa na neno moja la ufundi: mchongaji akitaka mnyama atambulike na mtu aliyesimama mbali, usiku, kwenye vumbi la ngoma, asihangaike na pua wala meno. Ashughulikie masikio na pembe.

Songea nilipokewa na shemeji, Mngoni wa kujivunia, aliyekibeba kiroba kwa mkono mmoja na kukicheka njia nzima kutoka stendi. "Shemeji, ninyi mnamvaa mnyama usoni," alisema. "Sisi tunamvaa mwili mzima."

Maneno yake niliyaelewa siku aliyonipeleka Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge. Ndani kuna mikuki, ngao za ngozi ya ng'ombe, na picha za wapiganaji waliojifunga ngozi na manyoya. Wangoni ni wana wa safari ndefu. Babu zao walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba kuvuka Mto Zambezi mwaka 1835, na desturi ya kuvaa ngozi ya mnyama wakati wa vita na ngoma walikuja nayo. Kwao mkia ni mkia kweli, na unyoya ni unyoya kweli. Hawakuhitaji kuchonga sura ya chui wakati ngozi yake ilikuwa imening'inia kiunoni.

Nje ya jengo kuna kaburi la pamoja la wapiganaji wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake. Wazao wake wanasema amezikwa bila kichwa, kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi wamekuwa wakidai kirudishwe. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Nilisimama pale nikiwaza jambo jingine la mwaka huohuo wa 1906. Wakati kusini kukiwa bado hakujatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuwa akizunguka Lindi, Masasi na Newala akipiga picha, akirekodi nyimbo na kukusanya vitu vya wenyeji, vinyago vikiwamo. Kuondoka kwa vinyago hakukuishia hapo. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata likanunuliwa Paris na kuingia makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Likarudishwa Tanzania Mei 2010, mwezi uleule Daraja la Umoja lilipozinduliwa juu ya Mto Ruvuma, mto ambao Wamakonde wanaishi ng'ambo zake zote mbili. Tuna vinyago vyetu vinavyolindwa kwa kengele na kioo huko Ulaya, huku mtoto wa darasa la nne akichora sungura anamchora yule wa katuni, mweupe, mwenye masikio ya waridi kwa ndani.

Hilo ndilo nililolikuta darasani. Watoto walisimama, "Shikamoo mwalimu!", wakaketi, wakanionyesha kazi zao. Sungura walikuwa wa waridi. Simba walikuwa na masikio yaliyochongoka. Fisi kweli walikuwa paka. Nilitoa kinyago cha mjomba nikakiweka mezani bila kusema neno. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mbona huyu ncha za masikio amepakwa nyeusi?" Nikamwuliza kama amewahi kumwona sungura wa porini. Nusu ya darasa walinyoosha mikono. Walikuwa wamewaona mashambani, kwenye mahindi. Sungura pori ana rangi ya majani makavu, na ncha za masikio yake ni nyeusi. Walikuwa wanalijua jambo hilo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kulichora.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa fisi. Kijana mmoja alishikilia kwamba sikio la fisi limechongoka, kwa sababu fisi ni ndugu wa mbwa. Mwingine akasema ni la duara. Mwalimu akaagiza aitwe mlinzi wa shule, mzee wa Kindendeule kutoka Namtumbo, kule ambako wanyama hupita wakitoka Selous kwenda Niassa nchini Msumbiji.

"Shikamoo babu," darasa likasalimu kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Nani anamtaka fisi?"

Alichukua chaki. Alichora mviringo wa kichwa, kisha akaweka masikio mawili ya duara, mafupi, yaliyokaa pembeni kidogo. Mistari miwili tu ya chaki kila upande, na fisi akawa amefika ubaoni. "Wetu huyu wa madoa sikio lake ni la duara," alisema. "Aliyechongoka masikio ni yule wa mistari, huyo sijamwona huku kwetu. Na mbwa mwitu naye lake ni duara, ila kubwa, pana kabisa." Kuhusu undugu na mbwa hakusema kitu, lakini mimi nililiongezea darasa: fisi kwa nasaba yuko karibu zaidi na paka na nguchiro kuliko na mbwa. Wale waliochora paka wakashangilia.

Vifaa tulivitafuta mjini, na vingi havikuwa na bei. Katoni za mafuta ya kupikia na biskuti tulipewa madukani karibu na soko kuu. Kwa mafundi cherehani wa Majengo tuliokota mabaki ya vitambaa. Magunia ya katani ya kahawa ya Mbinga, yaliyochoka, yalitupatia manyoya: unafumua nyuzi, unazipanga, unazigundisha safu juu ya safu ukianzia chini. Ndala kuukuu watoto walizileta kutoka nyumbani, kushoto bila kulia, kulia bila kushoto. Mwanzi wa kuchana papi haukosekani Songea. Gundi tuliipika wenyewe, uji wa unga wa ngano ulioongezwa chumvi ili usiote ukungu upesi. Tulichonunua ni rangi, waya mwembamba, lastiki na gundi ya mbao.

Sasa nieleze sikio lenyewe, maana ndilo lililonipeleka. Kunja karatasi katikati. Chora nusu ya sikio kwenye mkunjo, kata, fungua: pande mbili zinalingana bila kupimwa. Hicho ndicho kipimo chako kwa masikio yote mawili. Kiweke juu ya boksi, chora, lakini chini ongeza ulimi wa upana wa vidole viwili. Bila ulimi huo sikio halina pa kushikia, na gundi peke yake haitalibeba mtoto akianza kukimbia.

Kisha inakuja hatua ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayotofautisha sikio na kipande cha boksi. Kata mstari mmoja kuanzia chini ya sikio kwenda juu, kina cha vidole vitatu. Pandisha ukingo mmoja juu ya mwenzake, gundisha, bana kwa kibanio cha nguo hadi pakauke. Fundi cherehani hufanya hivyohivyo kifuani mwa blauzi. Sikio linabonyea, linapata bonde na kivuli, na kwa mbali jicho linakubali kwamba hapo pana kitu kinachosikia. Boksi likikatwa bapa na kubandikwa hivyohivyo huonekana boksi, hata ulipake rangi gani.

Kulifunga, toboa mwanya juu ya kinyago, pitisha ulimi, upasue vipande viwili kwa nyuma, kimoja ukunje kushoto na kingine kulia, kisha ufunike na kitambaa kilicholowekwa gundi. Mahali pa kutoboa panategemea mnyama. Sungura masikio yake yameota juu, karibu karibu. Fisi na simba yako kwenye kona za kichwa. Tembo yako ubavuni mwa kichwa, yakishuka. Ukihamisha sikio la fisi ukaliweka juu katikati, umetengeneza mnyama asiyekuwepo duniani.

Kila mnyama alipata malighafi yake. Sikio la fisi tulilikata kwenye soli ya ndala: ni nene, linajisimamia, halipondeki mtoto akilikalia. La sungura, kwa urefu wake, lilihitaji uti wa mgongo, hivyo tukaingiza papi ya mwanzi katikati ya tabaka mbili za boksi. Ndani yake tulibandika maganda laini ya mahindi. Yule binti wa dawati la mbele aliliinua lake kwenye mwanga wa dirisha, na mishipa ya ganda ikaonekana ikipanda kuelekea ncha. Sikio la sungura hai limejaa mishipa ya damu inayolisaidia kupunguza joto mwilini. Ganda la mahindi lilifundisha sayansi bila mwalimu kufungua kitabu.

Jumamosi tulikwenda Ruhila, bustani ya wanyamapori iliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) hapohapo Songea. Watoto walikuwa na penseli na karatasi, na sharti moja: chora masikio tu. Swala mmoja alikuwa ameinamisha kichwa anakula, macho hayana habari nasi, lakini sikio moja lilikuwa limetuelekea sisi na jingine limegeukia nyuma. Kijana wa sikio lililochongoka alilitazama kwa muda. "Mwalimu, yanakwenda kila moja kivyake." Jumatatu alikuja na wazo. Alikata ulimi wa sikio la sungura wake, akaufunga kwenye kichwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli badala ya gundi, akapitisha uzi wa kiroba hadi kiganjani. Akivuta, sikio linalala. Akiachia, linasimama. Darasa zima likataka nyuzi.

Lililobaki lilikuwa uzito na ukubwa. Sungura wetu mkuu alikuwa na masikio yanayofika kiwiko yakilazwa mkononi, na mwalimu mmoja wa zamu, alipopita, akatikisa kichwa. "Mama, sikio halizidi kichwa." Kwa adabu ya nyumbani methali hiyo haina mpinzani. Jukwaani nina hoja nayo. Mtu aliyekaa nyuma kabisa haoni jicho wala mdomo wa mtoto wa miaka kumi. Anaona umbo lake dhidi ya anga. George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyefariki mwaka 2005, aliwapa mashetani wake masikio yanayoshindana na uso mzima, na ndiyo kati ya mambo yanayofanya kazi yake itambulike upesi popote ilipo. Kinachotakiwa ni sikio kukizidi kichwa kwa sura bila kukizidi kwa uzito. Masikio marefu huvuta kinyago kurudi nyuma, kwa hiyo lastiki ya kuzunguka kichwa haitoshi. Ongeza mkanda wa pili unaopita utosini kutoka paji la uso hadi kisogoni.

Tuliamua pia kinyago kisizibe uso wa mtoto. Mtoto aliyezibwa haoni ngazi, na maneno yake yanaishia ndani ya boksi. Mbunifu Julie Taymor alipoipeleka hadithi ya simba mdogo jukwaani Marekani mwaka 1997, katika The Lion King, alizipandisha nyuso nyingi za wanyama juu ya vichwa vya waigizaji, watazamaji wakawaona mnyama na mtu kwa pamoja. Sisi tulifanya hivyo kwa pete ya boksi iliyokaa kwenye paji, uso wa mnyama ukiwa juu yake na masikio juu zaidi.

Siku ya wazazi mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, uwanja ukabaki na madimbwi. Walianza kina mama kwa ngoma ya kioda, kisha wavulana wakacheza mganda kwa mwendo wa kijeshi, vibuyu vikivuma midomoni. Ndipo mtambaji akaingia: "Hadithi, hadithi!" Uwanja ukajibu, "Hadithi njoo!" Sungura wetu alitokea nyuma ya mti, na kabla hajasema chochote alivuta uzi, sikio moja likalala kuelekea kwa fisi. Bibi mmoja aliyeketi mkekani alipiga kofi kwa kicheko akawaambia wenzake kwamba huyo sasa ndiye sungura aliyemjua yeye. Manyunyu yalirudi katikati ya mchezo. Masikio ya simba, ya boksi lisilopakwa rangi ya mafuta, yakalegea na kulala. Ya fisi, ya ndala, hayakutikisika. Kwa hiyo anayetaka kuigiza nje wakati wa masika apake boksi rangi ya mafuta mikono miwili, au atumie ndala tangu mwanzo.

Kinyago cha mjomba nimekiacha darasani, juu ya kabati, watoto waweze kukishika. Zamani kinyago cha ngoma kilifichwa kwa sababu zake, na mwenye jando lake bado anayo haki ya kutunza siri yake. Lakini ufundi wa kumtazama mnyama hadi ukajua sikio lake limekaaje si siri ya mtu. Ni elimu, na katika mkoa wenye bustani ya wanyama mjini, mapori ya Namtumbo na Tunduru, na wazee kama yule mlinzi, ni elimu inayopatikana bure.

Basi nina ombi kwa walimu wa Sanaa na Michezo, na kwa wazazi pia. Msiwanunulie watoto vinyago vya plastiki dukani. Wapeni boksi, mkasi na ndala iliyokatika, waiteni wazee waje wawaelekeze, na kabla mtoto hajakata chochote mwulizeni swali moja: mnyama huyo umemwona wapi? Kama hajamwona, mpelekeni akamwone. Sikio atalikata mwenyewe.